Kutafuta jaribio la tiba ya limfoma si kazi ya dakika za lala salama

Ndugu Mhariri,

Makala za afya kuhusu limfoma, yaani saratani inayoanzia kwenye chembe nyeupe za damu zinazokaa kwenye tezi, karibu zote huishia na sentensi ileile: dawa zote zikishindikana, mgonjwa aulizie majaribio ya tiba, yaani tafiti zinazopima dawa mpya kwa wagonjwa wanaojitolea. Kazi yetu sisi ni kuratibu majaribio hayo, na tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuipinge sentensi hiyo. Anayesubiri dawa zote zishindikane hufika figo zimechoka, chembe sahani za damu (zile zinazogandisha damu) zimeshuka, na mwilini ana mabaki ya dawa zinazomzuia kupokelewa. Jaribio lipo na nafasi ipo, ila yeye hana tena sifa za kuingia.

Siku ya kuanza kutafuta ni ile ambayo skani ya katikati au ya mwisho wa tiba ya kwanza inaonyesha kuwa ugonjwa haukusikia dawa. Si baada ya tiba ya pili, wala si baada ya mzunguko mmoja wa tiba ya pili ili "tuone kwanza".

Tuanze na maana ya usugu, kwa sababu kila jaribio lina tafsiri yake na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwa limfoma ya chembe B kubwa, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wingi kati ya limfoma zisizo za Hodgkin, tiba ya kwanza kwa miaka mingi imekuwa R-CHOP: rituximab, cyclophosphamide, doxorubicin, vincristine na prednisolone, kwa kawaida mizunguko 6 ya siku 21. Sugu ni yule ambaye uvimbe umekua akiwa bado kwenye dawa, au haukupungua vya kutosha. Majaribio mengi huwaweka kundi moja na hao wale waliorudiwa na ugonjwa ndani ya miezi 12 tangu tiba ya kwanza iishe. Kwa hiyo tarehe mbili zinaweza kuamua kila kitu: siku ya dozi ya mwisho, na siku ugonjwa ulipothibitishwa kuwa umerudi. Aliyerudiwa mwezi wa 11 na aliyerudiwa mwezi wa 13 hawana tofauti ukiwatazama kitandani, lakini mmoja anapokelewa na mwingine anarudishwa. Faili likisema tu "alitibiwa mwaka jana, ugonjwa umerudi", mratibu hana la kufanya nalo.

Usugu huu si wa kuchezea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 kwa jina la SCHOLAR-1 ulikusanya taarifa za wagonjwa 636 wa limfoma sugu ya aina hiyo waliopewa tiba zilizokuwepo wakati huo. Walioitikia dawa walikuwa asilimia 26, waliosafika kabisa asilimia 7, na nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki ilipofika miezi 6.3. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha kwa limfoma hiyo tiba ya kwanza ya CAR-T, ambamo chembe T za mgonjwa mwenyewe, yaani chembe nyeupe za kinga, huchujwa kutoka kwenye damu, hubadilishwa vinasaba maabara ili ziitambue saratani, kisha hurudishwa mwilini. Iliidhinishwa kwa waliokwisha kushindwa na tiba mbili. Mwaka 2022 ikasogezwa mbele, itumike pale tu tiba ya kwanza inapogoma au ugonjwa unaporudi ndani ya miezi 12.

Sababu mojawapo kubwa ya kusogezwa ni jaribio la ZUMA-7, lenye wagonjwa 359 waliokubali kuingia mapema hivyo. Tazama masharti yake. Mgonjwa awe amepata tiba moja tu kabla ya kuingia. Tena, wakati chembe zake zinatengenezwa, hakuruhusiwa kupewa tibakemikali ya kumshikilia. Steroidi peke yake, yaani dawa za jamii ya prednisolone, ndiyo iliyokubalika. Yeyote aliyekuwa ameshaonjeshwa tiba ya pili "asikae bure" alikuwa ameshajitoa bila kujua.

Hicho kimzunguko cha kumshikilia mgonjwa ndicho tunacholalamikia kuliko vyote. Kwanza kinaongeza idadi ya tiba kwenye rekodi, na majaribio mengine huweka ukomo wa idadi hiyo. Pili kinaanzisha muda wa kusubiri kabla ya kuingia. Itifaki nyingi, yaani kanuni zilizoandikwa za kila jaribio, hutaka siku 14 tangu dawa za vidonge au tibakemikali, au nusu-uhai tano za dawa hiyo (nusu-uhai ni muda wa dawa kupungua kwa nusu mwilini), wiki 4 tangu kingamwili kama rituximab, wiki 2 tangu mionzi, na siku 100 au zaidi tangu upandikizaji wa uloto wa mgonjwa mwenyewe. Kwa limfoma inayokua kwa kasi, wiki 4 za kukaa bila dawa ni nyingi mno, na mgonjwa hujikuta hawezi kungoja wala hawezi kuingia. Tatu, dawa zenyewe si sawa. Bendamustine, tibakemikali mojawapo ya limfoma, huziangusha chembe T na kuziacha chini kwa miezi mingi, na CAR-T haitengenezwi kwa kitu kingine isipokuwa chembe hizohizo. Kama kuna dalili yoyote kwamba mgonjwa atapelekwa kwenye CAR-T, bendamustine isiguswe kabla chembe hazijakusanywa. Hili daktari wa saratani analijua, lakini kwenye kliniki yenye msongamano linasahaulika, na si utovu wa adabu mgonjwa kulikumbusha.

Hatusemi mtu aachwe ateseke. Mwenye uvimbe kifuani unaombana pumzi lazima apewe kitu siku hiyohiyo. Ila kipo cha kuchagua. Mionzi ya sehemu moja inayosumbua huleta nafuu bila kugusa uwezo wa figo, mradi ubaki uvimbe mwingine ambao haukupigwa mionzi. Majaribio mengi hudai uvimbe unaopimika: tezi yenye urefu unaozidi sentimita 1.5, au uvimbe wa nje ya tezi unaozidi sentimita 1. Uliopigwa mionzi hauhesabiki mpaka uonekane kukua tena. Ukiuchoma ule mmoja uliokuwepo, mgonjwa hana tena cha kupimwa. Steroidi nazo zina mipaka. Itifaki nyingi hazikubali zaidi ya miligramu 10 za prednisolone kwa siku wakati wa kuanza, na watu hudanganyika kwa dexamethasone kwa kuwa kidonge chake ni kidogo: miligramu 1.5 tu za dexamethasone ni sawa na hizo 10.

Jambo la pili linalokwamisha ni kinyama, yaani kipande cha tezi au uvimbe kinachotolewa kwa uchunguzi. Wengi huleta majibu ya kinyama cha kwanza kabisa, cha kabla ya R-CHOP, wakidhani ugonjwa ni uleule. Huenda sio. Limfoma ya taratibu inaweza kuwa imegeuka kuwa kali. Aliyewahi kupata CAR-T inayolenga protini ya CD19 anaweza kuwa na chembe za saratani zilizoipoteza CD19, na aliyetibiwa kwa dawa za kulenga CD20 vivyo hivyo. Dawa ya jaribio inayotafuta protini isiyokuwepo haitafanya kazi, ndiyo maana itifaki hutaka kinyama kipya. Isitoshe, kung'aa kwenye skani ya PET, ile inayoonyesha sehemu za mwili zinazotumia sukari nyingi, si lazima iwe limfoma. Kifua kikuu kinang'aa, sarkoidosi inang'aa, hata tezi iliyochokozwa na maambukizi ya kawaida inang'aa. Skani hupewa alama ya Deauville, kuanzia 1 hadi 5, na 4 au 5 ndizo za kushtuka. Ni za kushtuka tu. Kabla mtu hajaandikwa kuwa sugu, kinyama kithibitishe.

Na kinyama chenyewe kichukuliwe sawasawa. Kunyonya kwa sindano nyembamba huleta chembe zilizotawanyika bila umbo la tezi, na mtaalamu wa patholojia hawezi kuainisha limfoma kwa hizo. Kitolewe tezi nzima, au vipande kadhaa kwa sindano nene ya geji 16 au 18. Kiwekwe kwenye formalini yenye bafa ya asilimia 10, na kisikae humo chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Hapa ndipo mambo huharibika kimyakimya: kinyama kinachukuliwa Ijumaa mchana, maabara inafungwa, kinashughulikiwa Jumanne. Ukikiangalia kwa macho hakina tatizo, lakini protini zimefungamana na vinasaba vimekatikakatika, na vipimo vya jaribio vinarudi na neno moja tu, "haifai". Mfupa wa uloto uliolainishwa kwa asidi kali una kasoro hiyohiyo kwa upande wa vinasaba. Kingine: omba bloku ya nta yenyewe, ile ambamo kinyama kimehifadhiwa, au slaidi ambazo hazijapakwa rangi zilizokatwa karibuni. Slaidi zilizokatwa zikakaa kabatini miezi hupoteza uwezo wa kuonyesha protini. Jaribio moja linaweza kutaka slaidi 10, lingine 20, na bloku yenye nyama kidogo haitoshi kwa yote mawili, kwa hiyo usizitumie zote mahali pamoja kabla hujajua unaelekea wapi.

Ukishakuwa na kinyama, kaa na daktari wako muandike ukurasa mmoja. Hatutanii tukisema mmoja. Mratibu anayepokea maombi mengi kwa siku husoma ukurasa wa kwanza, na faili la kurasa 140 huliweka kando mpaka apate nafasi. Uwe na aina kamili ya limfoma pamoja na protini zilizoonekana (CD19, CD20, CD30), na kama mabadiliko ya vinasaba vya MYC, BCL2 na BCL6 yalipimwa. Uwe na kila tiba kwa mpangilio: jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya dozi ya mwisho, idadi ya mizunguko, ugonjwa uliitikiaje, na kwa nini iliachwa. Jumla ya doxorubicin iandikwe kwa miligramu kwa mita mraba, maana mizunguko 6 ya R-CHOP kamili ni 300 na moyo una kikomo chake. Kisha damu, figo na ini vya wiki mbili zilizopita, nguvu ya moyo kwa ekokadiogramu, majibu ya VVU na homa ya ini B na C, na kama ugonjwa umewahi kuonekana kwenye ubongo au maji ya uti wa mgongo. Skani ziwe faili zenyewe za picha, za mfumo wa DICOM, kwenye CD au kiungo cha kupakua, siyo karatasi ya maelezo tu, kwa sababu watafiti hupima uvimbe wao wenyewe.

Sasa utafutaji. Sajili kubwa kuliko zote ni ClinicalTrials.gov, inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani tangu mwaka 2000, na ndani yake mna majaribio ya nchi nyingi, siyo Marekani peke yake. Kila jaribio lina namba inayoanza na NCT ikifuatiwa na tarakimu 8; iandike hiyo, kwa kuwa majina ya majaribio ni marefu na yanafanana. Umoja wa Ulaya una sajili yake ya CTIS iliyoanza kutumika Januari 2022, Uingereza kuna ISRCTN, India CTRI, China ChiCTR, na Afrika ina PACTR yenye makao Afrika Kusini. Shirika la Afya Duniani lina ukurasa uitwao ICTRP unaotafuta katika sajili nyingi kwa mara moja, unaofaa kuanzia ingawa ni mzito kuutumia.

Sajili hizi zinasomeka kwa Kiingereza, kwa hiyo asiyekuwa na uzoefu nacho aketi na ndugu au muuguzi mwenye uzoefu. Usiandike "lymphoma" tu, utazama. Andika aina kamili ya limfoma, ongeza neno "refractory" (sugu), kisha chagua hali ya "Recruiting" (linapokea wagonjwa). Angalia sana: "Active, not recruiting" maana yake jaribio linaendelea lakini mlango umefungwa, na wengi hupoteza siku wakipiga simu huko. "Unknown status" ni taarifa ambayo haijathibitishwa kwa zaidi ya miaka miwili, iache. Hata kwenye "Recruiting", shuka hadi orodha ya vituo, kwani kila kituo kina hali yake, na mara nyingi jaribio liko wazi huku kituo kilicho karibu nawe kimeshafunga. Tazama tarehe ya kusasishwa. Ikiwa imepita miezi sita, piga simu kabla hujajenga matumaini.

Vigezo vya kuzuiwa visomwe kabla ya vigezo vya kujiunga. Ni desturi iliyo kinyume na watu wanavyosoma, lakini inaokoa muda: kigezo kimoja cha kuzuiwa kinatosha kukutoa, wakati vya kujiunga vinahitajika vyote. Tafuta kwanza ugonjwa kwenye ubongo, upandikizaji wa uloto kutoka kwa mtu mwingine, saratani nyingine ya karibuni, homa ya ini B, VVU, na dawa ulizokwisha kutumia. Kuhusu VVU usikate tamaa mapema. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo mwaka 2020 ikihimiza watu wenye VVU vilivyodhibitiwa wasiachwe nje bila sababu ya kisayansi, na majaribio kadhaa yamelegeza. Homa ya ini B nayo ina mtego wake: aliyepewa dripu ya imunoglobulini karibuni anaweza kuonekana ana kingamwili za homa hiyo ambazo si zake, zimetoka kwa waliochangia damu. Kipimo cha kuhesabu virusi vyenyewe humaliza ubishi.

Kwenye simu au barua pepe kwa mratibu, ukurasa ule mmoja ndio unaozungumza. Maswali ya kuuliza ni machache. Je, kituo hiki kina nafasi sasa hivi, au kuna foleni? Kama ni awamu ya kwanza, nafasi inayofuata itafunguka lini? Swali hilo lina uzito, kwani awamu ya kwanza hupandisha dozi kwa vikundi. Mfumo wa zamani ni wagonjwa watatu, kisha kusubiri siku 21 au 28 kuona madhara, na mmoja akidhurika vibaya huongezwa wengine watatu. Mlango unafunguliwa na kufungwa hivyo kwa majuma. Uliza pia vipimo gani vya nje watavikubali na vipi watarudia, na kama dawa yao itakuzuia kuingia kwenye jaribio lingine baadaye. Hilo la mwisho watu hawaliulizi, nalo ni kubwa. Mtu akishapata dawa ya kingamwili yenye ncha mbili, moja ikishika CD20 ya saratani na nyingine CD3 ya chembe T, kama glofitamab au epcoritamab, majaribio mengine ya dawa za jamii hiyo humfungia. Utaratibu wa kipi kitangulie upangwe na daktari kabla ya kusaini popote.

Baada ya kukubaliwa kwa mdomo inakuja ridhaa. Fomu inaweza kuwa na kurasa 20 au 30, na hakuna kipimo chochote cha utafiti kinachoruhusiwa kabla haijasainiwa. Ichukue nyumbani. Soma sehemu ya madhara, sehemu ya nani analipa nini, na sehemu ya ukipata madhara nani anagharimia matibabu. Kujitoa kunaruhusiwa siku yoyote bila kutoa sababu, wala huduma yako ya kawaida isiathirike. Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti wa tiba, la mwaka 1964, na marekebisho yake yanasimamia hilo. Wengi huogopa kupewa plasibo, kidonge kisicho na dawa. Kwenye limfoma sugu hofu hiyo kwa kawaida haina msingi. Awamu ya kwanza na ya pili mara nyingi kila mtu hupata dawa ya utafiti. Awamu ya tatu kompyuta hupanga kwa bahati nani apate tiba mpya na nani tiba bora iliyopo, na plasibo ikitumika huwekwa juu ya tiba hiyo, haichukui nafasi yake. La kuuliza ni hili: nikiangukia kundi la tiba ya kawaida na ikagoma, nitaruhusiwa kuvuka kwenda kwenye dawa mpya?

Uchunguzi wa kuingia huwa na dirisha la siku 28, na hapo ndipo wengi huanguka kwa mambo yanayozuilika. Viwango vya kawaida ni nutrofili (aina ya chembe nyeupe) 1,000 kwa maikrolita, chembe sahani 50,000 au 75,000, hemoglobini gramu 8 kwa desilita, na figo zenye uwezo wa kuchuja mililita 45 hadi 60 kwa dakika. Itifaki nyingi hudai viwango hivyo vifikiwe bila kuongezewa damu wala sindano ya kupandisha chembe nyeupe ndani ya siku 7. Mgonjwa akiongezewa chembe sahani Jumatatu kwa nia njema, kipimo cha Alhamisi hakihesabiki. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, hupanda mtu akifika na kiu, au siku mbili baada ya CT yenye dawa ya mshipa. Panga damu ichukuliwe kabla ya skani, na mgonjwa anywe maji ya kutosha tangu jana yake kama moyo wake unaruhusu. Dawa za fangasi za jamii ya azole, antibiotiki ya clarithromycin na mitishamba mingi huingiliana na dawa za utafiti kwenye ini, kwa hiyo kila kinachoingia mdomoni kitajwe, hata kile ambacho daktari wa kliniki haambiwi. Chanjo zenye virusi hai zisichomwe ndani ya wiki 4 kabla ya kuanza.

Halafu kuna alama ya ECOG, inayopima hali ya mwili. Sifuri anafanya shughuli zake zote. 1 kazi nzito zinamshinda. 2 anajihudumia na hukaa wima zaidi ya nusu ya saa za mchana, ila kazi hawezi. 3 ni wa kulala au kukaa zaidi ya nusu ya mchana. Majaribio mengi yanaishia 1, mengine 2. Maumivu yasiyotulizwa, upungufu wa damu na kukosa usingizi humsogeza mtu alama nzima upande mbaya. Kumtibu maumivu wiki moja kabla ya miadi si udanganyifu, ni kumfikisha akiwa jinsi alivyo hasa.

Anayeelekea CAR-T ajiandae kwa jambo lisiloandikwa kwa herufi kubwa: muda na mtu wa kukaa naye. Tangu chembe kukusanywa mpaka kurudishwa ni wiki 3 hadi 5 mara nyingi, na kurudishwa hutanguliwa na siku 3 za tibakemikali ya fludarabine na cyclophosphamide. Baada ya hapo hukaa karibu na kituo kwa wiki 2 hadi 4, kadiri itifaki inavyotaka, akiwa na mtu mzima saa zote. Sababu ni homa kali ya kuamka kwa kinga, ambayo hutulizwa kwa dawa ya tocilizumab, na mkanganyiko wa akili unaoweza kuanza kwa jambo dogo kama mgonjwa kushindwa kuandika sentensi aliyoiandika vizuri jana. Mgonjwa mwenyewe hatagundua. Wa kugundua ni huyo aliye naye. Vituo hukataa watu kwa kukosa msindikizaji, kwa hiyo apatikane kabla ya miadi ya kwanza.

Kuhusu pesa, kanuni yetu ni fupi. Dawa ya utafiti na vipimo vya ziada vya utafiti hulipwa na mfadhili. Huduma za kawaida huenda zikabaki kwa mgonjwa au bima yake, na nauli hurudishwa na baadhi tu. Ukidaiwa ulipie dawa yenyewe ya jaribio, simama, hasa ikiwa ni "seli shina" za kutibu kila ugonjwa. Kuonekana kwenye sajili si kibali: sajili hupokea taarifa, haithibitishi ubora. Omba jina la kamati ya maadili iliyoidhinisha na namba ya kibali, uipigie kamati simu moja kwa moja. Mtafiti wa kweli hakasiriki ukiuliza.

Ukikataliwa, taka sababu kwa maandishi pamoja na thamani iliyokuangusha. "Hakufaa" haitoshi. Kama ni chembe sahani 48,000 badala ya 50,000, itifaki nyingi huruhusu kupimwa tena ndani ya dirisha lilelile, au kuchunguzwa upya mara moja. Kama ni kigezo kisichobadilika, karatasi hiyo inamwambia daktari wako jaribio lipi linalofuata lisilo na kigezo hicho. Na pale ambapo dawa iko kwenye majaribio lakini hakuna unaloweza kuingia, daktari, siyo mgonjwa, anaweza kuiandikia kampuni inayoitengeneza kuomba itolewe kwa mgonjwa mmoja kwa huruma. Kampuni ina hiari ya kukataa, na kibali cha mamlaka ya dawa na cha kamati ya maadili vinahitajika. Karatasi ya kukataliwa yenye sababu ni miongoni mwa vitu vya kwanza watakavyoomba, basi iwekwe kwenye faili siku hiyohiyo inapotolewa.

Ni sisi,
Waratibu wa majaribio ya tiba za saratani ya damu